Kukuza skrini: lensi, gati au skrini nzima?

Mwalimu mmoja mstaafu huja kwangu karibu kila Jumatano asubuhi kuchapa mashairi yake. Siku ya kwanza alipoketi na kuanza kuikunjia uso kompyuta, nilimwashia kikuzaji (Magnifier, programu ya Windows ya kukuza skrini), nikakipandisha hadi 400%, kisha nikarudi kwenye mashine ya fotokopi nikijiona nimetenda wema. Hazikupita dakika mbili akaniita.

"Mwanangu, haya maandishi yanikimbia."

Nilipoinama kutazama nikaona kweli. Kila akigusa mausi, ukurasa mzima unateleza kama ngalawa iliyokatika kamba. Mwalimu huacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo, kwa hivyo akikiona kina cha kati, kina cha mwisho kiko nje ya skrini. Akikifuata kile cha mwisho, kile cha kati kimeshaondoka. Herufi alikuwa anaziona kubwa kama za ubaoni. Ila shairi lenyewe alikuwa halioni tena.

Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, huku Mwembe Tayari, Mombasa, na wateja wanaohangaika na skrini ni wengi. Kuna waliovuka miaka arobaini na miwani ya kusomea wameiacha nyumbani. Kuna mama mwenye mtoto wa jicho anayengoja siku ya upasuaji. Kuna kijana mwenye ualbino anayesoma chuo. Wengi huniuliza wakuze kwa asilimia ngapi. Mimi siku hizi huwauliza kwanza kama wanataka kusoma au kufanya kazi, kwa sababu njia inayomstarehesha msomaji humtesa mwenye kujaza fomu.

Hasara ya kukuza inahesabika

Chukua leso. Ukiitandaza kitandani unaona pindo na unaona mji, lakini jina lililoandikwa pale chini huwezi kulisoma ukiwa mlangoni. Ukiisogeza karibu na macho jina unalisoma, na pindo limekupotea. Kikuzaji nacho ni hivyo hivyo. Ukikuza skrini nzima mara mbili, yaani 200%, upana unaoonekana ni nusu na urefu ni nusu, umebaki na robo ya skrini. Kwa 400% umebaki na sehemu moja kati ya kumi na sita. Laptopu nyingi za mtumba zina skrini ya nukta (pikseli) 1366 kwa 768. Ukikuza mara mbili unafanya kazi kwenye kipande cha nukta 683 kwa 384, eneo dogo hata kwa fomu ya ukurasa mmoja.

Ndiyo sababu mimi huanza na njia zisizokula nafasi, kisha ndipo nifikirie kikuzaji.

Ya kwanza haihitaji kitufe chochote. Skrini iliyo sentimita 60 kutoka machoni, ukiisogeza hadi sentimita 30, herufi zinaonekana kubwa mara mbili na hujapoteza hata nukta moja. Jicho la kijana linaweza. Jicho la mtu mzima halitaweza bila miwani, na miwani ya kusomea kwa kawaida imepimiwa umbali wa kitabu mkononi, kiasi cha sentimita 40. Watu huivaa, kisha wakaegemea nyuma wakiitazama kompyuta kwa mbali na kulalamika kwamba miwani haifanyi kazi. Sogeza meza. Na kama mlango uko nyuma yako na jua la Mombasa linapiga kwenye kioo cha skrini, hakuna asilimia itakayokusaidia mpaka uigeuze hiyo kompyuta.

Kukuza ndani ya programu

Kwenye kivinjari, bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha ili kukuza, Ctrl na ya kutoa ili kupunguza, Ctrl na sifuri ili kurudi ulikotoka. Chrome hufika hadi 500%. Uzuri wa njia hii kuliko kikuzaji ni kwamba tovuti iliyotengenezwa vizuri hujipanga upya: mistari inakatwa mahali pengine, menyu inajikunja, nawe unateremka tu chini bila kwenda kando. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, toleo la WCAG 2.1 la mwaka 2018, unadai ukurasa ukuzwe hadi 400% bila kumlazimisha msomaji kuusukuma kulia na kushoto. Si wote wanaoutii. Fomu zenye majedwali mapana ndizo wakaidi zaidi, na hapo ndipo utalazimika kuja kwenye kikuzaji. Jambo jingine la kufurahisha: kivinjari hukumbuka ukubwa uliochagua kwa kila tovuti, kwa hivyo ukikuza tovuti moja leo, kesho utaikuta vilevile.

Kwenye Word kuna mstari mdogo wa kuvuta, chini kulia. Huo hukuza unachokiona tu, karatasi haiguswi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kuna bwana aliyekuja kuandika barua ya kuomba kazi, na ili aone anachoandika akapandisha fonti hadi 28. Barua ya nusu ukurasa ikatoka karatasi tatu, na kwangu kuchapisha hulipwa kwa karatasi. Tukacheka sote, nikamtoza moja. Fonti ni ya msomaji wa barua. Kukuza ni kwako wewe mwandishi. Ukiona mistari inapotelea kando unapokuza sana, ingia View kisha Web Layout, na Word itayakata maneno yafuate upana wa dirisha lako.

Kasoro ya njia zote hizi mbili ni kwamba vitufe, menyu na maandishi ya pembeni hubaki vidogo. Kwa hayo, Windows ina marekebisho mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza liko Settings, System, Display, na linaitwa Scale: hukuza kila kitu pamoja, picha za vitufe, menyu na maandishi. 125% inawatosha wengi. Kwenye laptopu ndogo niliyoitaja, ukipita hapo baadhi ya vidirisha huanza kukatika chini, ukawa unakitafuta kitufe cha OK ambacho kimezama. Programu za zamani nazo huonekana zenye ukungu kidogo. La pili liko Accessibility, Text size (kwenye Windows 10 utalikuta ndani ya Ease of Access), nalo hukuza maandishi pekee hadi 225% na kuacha mengine yalivyo. Kama shida yako ni kusoma majina ya mafaili tu, anza na hili la pili.

Kuna watu hupunguza resolusheni, yaani idadi ya nukta za skrini, ili vitu viwe vikubwa. Vinakuwa vikubwa kweli, na vyenye ukungu vilevile. Acha.

Sasa kikuzaji chenyewe

Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Kimefunguka. Ukiendelea kubonyeza kinakuza, hadi 1600%. Windows na Esc kinafunga. Kabla hujafanya lolote, nenda kwenye mipangilio yake (Windows, Ctrl na M) ubadilishe hatua ya kukuza, kwa sababu imewekwa kuruka kwa 100%: mguso mmoja tu na umeshapoteza robo tatu za skrini. Mimi huiweka 25%. Nimeona watu waliokuwa wamekikataa kabisa kikuzaji wakakipenda kwa badiliko hilo moja, maana walichohitaji ni 150%, na walikuwa hawajui kwamba 150% ipo.

Kina sura tatu, na hapa ndipo uchaguzi ulipo.

Skrini nzima (Ctrl, Alt na F) hukuza kila kitu na kukusafirisha kwa mausi. Ndiyo inayofaa kwa vitu visivyojipanga upya: cheti kilichoskaniwa, hati ya shamba, picha, gazeti la PDF ambalo ni picha ya karatasi. Kwa vitu kama hivyo kukuza kwa kivinjari hakutakusaidia sana, maana picha haijui kukata mistari. Tatizo ni lile la Mwalimu, kukimbiwa. Lina dawa mbili. Kwenye mipangilio kuna mahali unapochagua mshale wa mausi ukae wapi: katikati ya skrini, au ndani ya kingo. Ukichagua katikati, ukurasa wote unasogea kila mkono unapotikisika, na wengine husikia kichefuchefu kama waliopanda feri ya Likoni siku ya upepo. Ukichagua kingo, ukurasa hutulia mpaka mshale ugonge ukingo. Chagua kingo. Dawa ya pili ni Ctrl, Alt na kitufe kirefu cha nafasi: skrini nzima inajionyesha kwa kitambo, unaona uko wapi, kisha unarudi.

Lensi (Ctrl, Alt na L) ni kidirisha cha mstatili kinachofuata mshale, kama kioo cha fundi wa saa. Kila kitu kingine kinabaki kama kilivyo. Mama mmoja mwenye duka la leso Biashara Street huleta hesabu zake kwenye Excel, na kwake hii ndiyo iliyoshinda. Jedwali lake ana ramani yake kichwani: safu ya kwanza aina, ya pili doti ngapi, ya tatu bei. Hataki likuzwe, anataka kuhakikisha tu kama ile ni 850 au 350. Anapitisha lensi, anahakikisha, anaendelea. Upana na urefu wa lensi hubadilishwa kwenye mipangilio; kwa jedwali tumeifanya pana na fupi, isifunike safu za juu na chini.

Lakini usimpe lensi mtu wa kusoma kurasa kumi. Mkono utachoka kabla ya macho, maana kila neno ni lazima ulifuate kwa mausi, na lensi yenyewe imefunika mstari unaofuata. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka pia haimfai. Lensi hutetemeka naye.

Sura ya tatu kwenye menyu inaitwa Docked, nami huiita gati, kwa kuwa imefungwa juu ya skrini kama meli iliyotia gatini Kilindini (Ctrl, Alt na D). Ukanda wa juu unaonyesha kwa ukubwa kile kilicho kwenye mshale au unachokiandika. Chini yake skrini iko kama kawaida. Watu huidharau kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kama imekunyang'anya nafasi. Imekunyang'anya kweli, na kwenye skrini fupi ya nukta 768 utahisi. Lakini ndiyo sura pekee kati ya hizi tatu inayokuacha na jina la leso na pindo lake kwa wakati mmoja, bila kufunika kilicho karibu na mshale. Yule kijana wa chuo hujazia fomu zake humo: juu anasoma anachoandika, chini anaona fomu imebaki sehemu gani. Alivuta ukingo wa ukanda ukawa mwembamba, mistari miwili tu, na hajarudi kwenye skrini nzima isipokuwa kwa kusoma. Usumbufu wake ni kwamba macho hupanda na kushuka, na siku mbili za kwanza utakuwa unabonyeza kwenye ukanda badala ya mahali penyewe.

Nikibanwa nichague moja kwa mtu nisiyemjua, ninampa gati. Najua fundi wengi wangempa skrini nzima kwa sababu ndiyo inayofunguka yenyewe.

Katika sura zote hizi, hakikisha umeweka alama ili kikuzaji kifuate pia kishale cha kuandikia, si mausi pekee. Bila hiyo utaandika sentensi nzima huku skrini ikikuonyesha kona nyingine. Programu chache haziutii huo ufuatiliaji, hasa zile za zamani za mahesabu. Hapo huna budi kuusogeza mshale mwenyewe kwa mkono.

Weupe unaoumiza

Mama wa mtoto wa jicho hakuhitaji ukubwa kama alivyohitaji giza. Ukurasa mweupe ulikuwa unammulika kama taa za matatu usiku. Ctrl, Alt na I hugeuza rangi: nyeupe inakuwa nyeusi, maandishi yanakuwa meupe. Kwa kusoma ni raha. Tatizo ni kwamba hugeuza na picha, alipofungua picha ya pasipoti ya mwanawe akashtuka, "Huyu nani, jini?" Afadhali kwa kazi za kila siku ukawasha mandhari nyeusi ya Windows au ya kivinjari, ambayo haigusi picha, kisha ule ugeuzaji ukaubakiza kwa nyaraka. Na kama macho yamebadilika ghafla, nenda kwa daktari wa macho kabla hujaja kwangu. Saiba haipimi presha ya jicho.

Kuna saa ambapo kusikiliza ni bora kuliko kukuza. Kikuzaji cha Windows husoma kwa sauti ukibonyeza Ctrl, Alt na Enter, lakini sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili utadhani ni mtalii aliyeshuka melini juzi. Kwa Kiswahili fungua ukurasa kwenye kivinjari cha Edge, bonyeza Ctrl, Shift na U, uchague sauti za Kiswahili cha Kenya, Rafiki au Zuri. Ukiwa na intaneti, zinasoma vizuri sana.

Ambao hawana Windows

Mac kwangu huletwa na watu wa kubuni matangazo tu, kwa hivyo nitasema kidogo. Kukuza kwake huwashwa kwenye Accessibility, Zoom. Kisha unashikilia Control na kuteleza vidole viwili, na mwendo wake ni laini kuliko wa Windows. Nayo ina sura za skrini nzima, skrini iliyogawanywa, na kidirisha. Ina na jambo ambalo ninalionea wivu: Hover Text, iliyokuja na Catalina, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2019. Unashikilia Command, unaelekeza mshale kwenye neno, nalo linatokea kando kwa herufi kubwa safi. Ni lensi bila ukungu. Hata hivyo sitamwambia mtu anunue Mac kwa ajili ya hilo.

Linux yenye sura ya GNOME, kama Ubuntu, hukuza kwa kitufe cha Windows, Alt na 8. Kinatosha.

Programu za kulipia zipo. ZoomText ndiyo inayotajwa zaidi. Hufika mara 60, huzinyoosha herufi zisiwe na ngazi-ngazi, na ndugu yake Fusion huunganisha kukuza na JAWS, msomaji wa sauti, yaani programu inayokusomea skrini. Kwa mtu anayekaa ofisini saa nane kwa siku akiwa na uoni hafifu, inafaa kumwomba mwajiri ainunue, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vyake. Kwa anayekuja saiba mara moja kwa wiki ni fedha nyingi mno. Na nikimwona mtu amevuka mara sita au saba na bado anakaza macho, humwekea NVDA, msomaji wa sauti wa bure, tuone kama masikio yatampumzisha.

Mwalimu, je? Ile 400% ilikuwa kiherehere changu. Siku hizi anakuja na miwani yake, Scale iko 125%, Word imekuzwa 200%, mshororo wote unaingia kwenye skrini, vina viwili vinaonana. Kikuzaji hakigusi, ila akitaka kuhakiki picha za daftari lake la zamani, nami humwashia skrini nzima, mshale ukiwa umewekwa ndani ya kingo.

Limebaki jambo la wanaotumia kompyuta kwa zamu. Juzi mteja aliingia mbio kuchapisha tiketi ya basi, akaketi kwenye mashine ambayo mwenziwe aliiacha na kikuzaji kwenye 300%, rangi zimegeuzwa. "Kompyuta yako ina wazimu!" Alikuwa ameshakishika kitufe cha kuzimia. Nikabonyeza Windows na Esc, ikatulia. Jioni hiyo nilibandika kikaratasi ukingoni mwa kila skrini: SKRINI IKIWA KUBWA AU NYEUSI, BONYEZA WINDOWS NA ESC. Nimekichapa kwa fonti 28.